Turbo ya hewa nyepesi: shajara ya WRX yangu, Januari hadi Aprili 2025

Jumamosi, 11 Januari

Leo nimeketi kwenye kiti cha plastiki gerejini Kariobangi nikimsikiliza fundi akiniambia kwamba turbo ya Subaru yangu, ile feni inayozungushwa na moshi wa injini ili kuisukumia injini hewa zaidi, haijafa. Sikuitaka habari hiyo. Nilikuja nimejiandaa kwa msiba: moshi wa buluu asubuhi, filimbi nyembamba inayopanda kila nikikanyaga, oili inayopungua nusu lita kwa mwezi. Nilitaka aseme imekwisha, nipate ruhusa ya kununua kubwa bila kujisuta.

Akaingiza vidole viwili kwenye mdomo wa kompresa, upande wa turbo unaobana hewa, akaitikisa shafti juu na chini, kisha akaisukuma na kuivuta. "Inacheza pembeni kidogo, hiyo ni kawaida, inaelea kwenye oili. Mbele na nyuma haichezi hata kidogo. Boss, hii bado ina maisha. Wewe unataka tu kubwa."

Nikakubali. Nataka tu kubwa.

Gari lenyewe ni Subaru Impreza WRX ya 2004, sedani, injini EJ205 ya lita 2, gia tano za mkono, liliingia nchini kutoka Japani likiwa limetumika. Brosha ya Kijapani inalipa farasi 250. Turbo iliyokuja nalo ni TD04, ndogo, inaamka mapema na kuchoka mapema, na imetengenezwa na Mitsubishi. Wenzangu wa Subaru wanaotukana Evo, yaani Lancer Evolution ya Mitsubishi, kila Jumapili hawapendi kukumbushwa hilo.

Oili, kwa mujibu wa fundi, inatoka kwenye hosi ya kupumulia ya injini. Filimbi hakuwa na jibu nayo. "Tutaijua tukifungua."

Jumapili, 19 Januari

Kabla ya kununua chochote nimetaka kujua nilicho nacho. Nimechomeka kebo ya Tactrix ya kuunganisha gari na laptopu, nikafungua RomRaider, programu ya kusoma kompyuta ya gari, nikatoka alfajiri Thika Road upande wa Ruiru. Matatu hazilali, lakini Jumapili saa kumi na moja na nusu hupumzika kidogo. Gia ya tatu, kutoka mizunguko 2,000 ya injini kwa dakika, kanyaga mpaka chini, acha kompyuta iandike.

Matokeo yamenitia aibu. Presha ya turbo ilipanda hadi bar 0.75 karibu na 3,000, ikakaa kidogo, halafu ikaanza kushuka kama mtu anayepanda ngazi za jengo refu la KICC na mfuko wa simiti. Kufikia 6,000 ilikuwa 0.55.

Nilidhani kuna paipu inayovuja. Nikamaliza mchana mzima nikifungua majedwali ya kompyuta ya gari, na jioni ndipo nikaliona: kuna jedwali linalosoma presha ya hewa ya nje na kupunguza lengo la turbo kadiri unavyopanda mlima. Wajapani waliliweka kwa makusudi. Gari halikuwa limeharibika, lilikuwa linatii.

Sababu yake ndiyo imenifanya nianze shajara hii, kwa hiyo niieleze polepole. Kando ya bahari hewa ina presha ya kilopaskali 101 hivi, yaani bar 1.01. Nairobi tuko mita 1,700 na kidogo juu ya bahari, na kinachobaki ni kama 83. Geji ya presha kwenye dashibodi hupima kilichoongezwa juu ya hewa ya nje. Ikisoma bar 1 Mombasa, injini inapokea bar 2 kamili. Ikisoma bar 1 ile ile hapa kwetu, injini inapokea 1.83. Ukiwa na sindano ile ile pahali pale pale, hewa iliyoingia ni tofauti.

Sasa ligeuze. Ukitaka injini ipokee bar 2 kamili ukiwa Nairobi, turbo lazima izae kutoka 0.83, siyo kutoka 1.01. Turbo haijui geji yako. Inachojua ni uwiano: imepokea kiasi gani, imetoa kiasi gani. Na uwiano ukipanda, gurudumu linazunguka kasi zaidi, hewa inatoka moto zaidi, na beringi zinaishi muda mfupi zaidi. TD04 iliyo ndogo hivi, ukiilazimisha ifanye Nairobi kazi ya Yokohama, unaiua. Ndiyo maana wakaweka lile jedwali.

Mtu anayekwambia "mimi natembea na bar 1.4, hakuna shida" bila kukwambia yuko wapi hajakwambia kitu.

Jumamosi, 1 Februari

Wiki mbili za ushauri. Kila mwenye Subaru Nairobi ana turbo ya kukuuzia au ya kukukataza.

Kundi la kwanza linasema VF34, ile ya IHI yenye beringi za gololi. Inafunga moja kwa moja, inaamka vizuri. Kundi la pili linasema TD05 yenye gurudumu la 16G, chaguo la wazee. La tatu, lenye sauti kubwa zaidi, linasema 20G, "ama uache kabisa". Yuko pia jirani mmoja aliyenionyesha picha ya Garrett ya familia ya GT30 na mabomba ya kugeuza mkao wake. Gari lake liko juu ya mawe tangu mwaka juzi.

Nimechukua daftari badala ya kuendelea kusikiliza.

Injini ya lita 2 hujaza silinda zake mara moja kwa kila mizunguko miwili. Kwa 6,000 kwa dakika hiyo ni lita 6,000, na kwa kuwa injini haijazi kikamilifu, nimehesabu asilimia 90: lita 5,400. Hewa ikiwa na bar 2 kamili na joto la nyuzi 45 baada ya kupozwa, lita hizo zina uzito wa karibu kilo 11.8. Mafundi wa turbo wana kanuni ya mkono kwamba kila kilo ya hewa kwa dakika huzaa farasi 21 au 22. Kwa hiyo bar 2 kamili ni farasi 250 hivi, bila uchawi.

Moyo wangu ulikuwa umeandika 300. Kwa 300 nahitaji kilo 14 za hewa, yaani bar 2.37 kamili mdomoni mwa injini. Intakula, ule mtambo wa kupoza hewa, hula kama bar 0.1 njiani, na filta nayo inaninyima kidogo kabla ya turbo. Mombasa hesabu hiyo inatoa uwiano wa 2.5. Nairobi inatoa uwiano wa 3.

Nimerudia mara tatu nikidhani nimekosea. Sikukosea. Kwa nguvu zile zile, turbo ya Nairobi inafanya 3 pale ya Mombasa inafanya 2.5. Na joto? Kompresa yenye ufanisi wa asilimia 70, ikianza na hewa ya nyuzi 22 na kuibana mara 3, inaitoa ikiwa karibu nyuzi 180. Hiyo hewa inapita kwenye intakula ndogo iliyolala juu ya injini, chini ya boneti, kwenye msongamano wa Globe. Kisha inakutana na petroli yetu. Gari hili lilipangwa kwa petroli ya Japani ya daraja la juu, ambayo kwa kawaida ina okteni, kipimo cha petroli kustahimili kujilipukia, karibu 100. Ukiweka hata V-Power, petroli bora ya Shell, hapa kwetu, huko hujafika. Moto, presha na okteni ndogo: ndipo mchanganyiko unapojilipukia wenyewe kabla ya wakati, pistoni zikagongwa kwa nyundo isiyoonekana.

Jambo la pili limenishangaza zaidi. Ramani ya kompresa, ile michoro ya duara kama alama za vidole inayoonyesha turbo inafanya kazi vizuri wapi, huchorwa kwa hewa ya karibu na usawa wa bahari. Ukitaka kuisoma ukiwa juu mlimani lazima usahihishe kiasi cha hewa pia. Hewa nyepesi ina ujazo mkubwa zaidi kwa uzito ule ule, kwa hiyo alama yako haipandi juu tu, inasogea na kulia pia. Kilo zangu 14 zinasomeka kama 16.6. Turbo ambayo mtu wa Durban anaiona iko katikati ya ramani, mimi naiona ikining'inia ukingoni.

Kwa hiyo walio na 20G wana hoja: gurudumu kubwa lina pumzi. Wanachosahau ni kuamka. Moshi wa injini ndio unaoisukuma tabini, gurudumu la upande wa pili wa turbo, na kabla turbo haijaamka injini yetu ni lita 2 zinazovuta hewa iliyopungua karibu asilimia 18. Hewa kidogo, moshi kidogo, turbo inachelewa zaidi. Mwinuko unakuomba turbo kubwa na wakati huo huo unakuadhibu kwa kuiweka.

Nimefunga daftari bila jibu.

Jumamosi, 15 Februari

Nimepoteza shilingi 5,000 na nimestahili.

Muuzaji mmoja mjini alikuwa na "VF34 eks-Japani, haijaguswa" kwa 45,000. Nikaweka amana kwa simu kabla ya kuiona, kwa sababu "kuna mtu mwingine anaijia saa nane". Daima kuna mtu mwingine anayekuja saa nane.

Kibati cha namba kilikuwa kimepigwa ribiti mpya kabisa juu ya chuma chenye kutu ya miaka ishirini. Nilipoiangalia kwa tochi, ncha za mapanga matatu ya kompresa zilikuwa zimepinda, dalili kwamba iliwahi kumeza kitu, na ukutani kulikuwa na mikwaruzo mipya inayong'aa. Nikasukuma shafti mbele na nyuma kama nilivyofundishwa. Ikasema *tak, tak*.

Muuzaji akaniambia, "Hiyo ikishapata oili inakaza, kijana yangu." Nikamwachia amana yake nikaenda kunywa chai.

Jumamosi, 22 Februari

Wiki nzima nimeacha laptopu ikiandika safari zangu za kazini, Kahawa hadi Upper Hill na kurudi. Nilitaka kujua naishi wapi kwenye mizunguko ya injini, siyo ninapoota.

Naishi kati ya 1,500 na 3,000. Karibu muda wote. Kuna sehemu ndogo ya 3,000 hadi 4,500: kuingia barabara kuu, kupita lori kwenye kilima, kumkimbia nganya, matatu ya mbwembwe, anayetaka kuchukua abiria kupitia mlango wangu. Zaidi ya 5,000 nilifika mara nne kwa siku tano, na mara mbili kati ya hizo nilikuwa najionyesha.

Data hiyo imeua 20G bila mjadala. Kununua turbo inayoamka 4,500 ili niiendeshe kati ya tuta na tuta ni kununua mtumbwi wa Turkana nikakae Githurai.

Halafu nikafanya jambo ambalo ningelifanya mwanzo: nikaacha kuuliza turbo gani inatoa 300, nikauliza gari hili linaweza kubeba nini. Pistoni za kiwandani. Giaboksi ya gia tano ambayo ina sifa ya kung'oka meno ukiizidishia msukumo. Intakula ya juu. Petroli ya kituoni. Majibu yote yanakaa karibu na bar 1.1 ya geji hapa Nairobi, yaani 1.93 kamili. Uwiano unakuwa 2.5. Hewa ni kilo 11.4, na kwa ramani iliyosahihishwa ni 13.5. Hapo 16G iko nyumbani, mbali na ukingo wa kulia na mbali na ule wa kushoto ambako kompresa hukohoa.

Zidisha kwa 21.5. Farasi 245.

Nilicheka peke yangu jikoni. Miezi hii yote, pesa hizi zote, ili nilifikishe gari langu pale brosha ilipoahidi mwaka 2004. Kwa usawa wa bahari walikuwa wanasema kweli. Ni mimi niliyelileta mlimani.

Nimeagiza 16G mpya, ya kufunga pale pale ya kiwandani, na wesgeti yake ya ndani, kile kilango kinachomwaga moshi uliozidi. Familia ya gurudumu hili ndiyo iliyokaa kwenye Lancer Evolution za mwanzo. Tena Mitsubishi. Sitawaambia wenzangu.

Jumamosi, 8 Machi

Tumefungua. Mzigo uliofika: turbo, gasketi zote, paipu mpya ya oili, nozeli za petroli za cc 550, pampu ya petroli ya Walbro ya lita 255 kwa saa, plagi za NGK za namba 7 ambazo ni baridi hatua moja kuliko za kiwandani. Nozeli si anasa. Zile za mwanzo zingekuwa wazi karibu muda wote kwenye mizunguko ya juu, na nozeli isiyopata nafasi ya kufunga haina akiba siku ya joto.

Na filimbi tumeipata.

Kwenye Subaru hizi, hewa hutoka kwenye filta hadi turbo kupitia hosi moja ya plastiki na mpira iliyojibana chini ya manifoldi, yale mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda. Huioni. Huifikii. Ili kuitoa lazima ung'oe manifoldi nzima, na ndiyo maana hakuna anayeibadilisha. Yangu ilikuwa na ufa wa urefu wa kidole cha shahada, upande wa chini. Hewa ilikuwa inaingia hapo bila kupita kwenye sensa ya kupimia hewa, kwa hiyo kompyuta ilikuwa inatia petroli kwa hewa pungufu ya iliyopo. Miaka mingapi, sijui.

Fundi aliishika juu kama mtu aliyemvua kambare. "Boss. Hii peke yake ingekurudishia gari."

Kimya kidogo.

"Turudishe turbo ya zamani?" akauliza. Alikuwa anatania. Nadhani alikuwa anatania.

Hosi mpya ya silikoni inafika wiki ijayo.

Jumamosi na Jumapili, 15 na 16 Machi

Siku mbili, vidole vinne vilivyochubuka. Daunpaipu ya inchi 3, bomba la moshi linalotoka kwenye turbo, imechomwa na jirani wa gereji, jamaa wa vyuma vya mageti ambaye welding yake ya stenlesi ingefaa kuwekwa ukutani. Nilimwonyesha ya zamani, akaipima kwa kamba na macho. Ikaingia mara ya kwanza.

Fundi ana sheria moja ambayo haivunji: turbo mpya haizunguki kavu. Alimimina oili safi kwa mkono kwenye tundu lake, akaizungusha kwa kidole, kisha akachomoa soketi za nozeli na kupiga stata bila gari kuwaka, sekunde kumi, pumzika, sekunde kumi, mpaka taa ya oili ikazimika. Ndipo akawasha. Anasema turbo nyingi zinazorudi kwake na wenyewe wakilalamika zilikufa ndani ya nusu dakika ya kwanza, ila huchukua miezi miwili kujijua.

Jumamosi, 22 Machi

Hakuna kazi. Nusu ya Nairobi iko Naivasha kwenye Safari Rally, pamoja na fundi, pamoja na jeki yake nzuri.

Nimebaki nyumbani nikiwaza zile Subaru za buluu, Colin McRae akishinda Safari 1997, Richard Burns 2000. Mimi na wenzangu wa rika langu tulirithi ugonjwa huu hapo. Na jambo moja ambalo halisemwi sana: magari yale yalibanwa mdomo wa turbo kwa kizibo chenye tundu la milimita 34. Hewa haikuweza kuzidi kipimo hicho hata ungefanya nini, kwa hiyo farasi zao zilikuwa za kawaida, mia tatu hivi kwa karatasi rasmi. Wahandisi walichotafuta ni msukumo wa katikati, gari liruke kutoka kona ya vumbi bila kusubiri. Sisi tunaolipenda gari lile tunawaza namba ya juu ambayo lenyewe halikuwa nayo.

Jumamosi na Jumapili, 29 na 30 Machi

Mvua imeanza. Asubuhi lami ilikauka nikapanda Limuru na fundi kiti cha pembeni, laptopu mapajani mwake ameishika kama mtoto mchanga.

Gia ya tatu. 2,500, kimya. 3,000, inajikuna. 3,400, unasikia kifua kinajaa. 3,900 bar 1.1, na gari likawa la mtu mwingine. Halisukumi kwa hasira kama niliyoiwazia. Linavuta tu, na halichoki. Pale ambapo TD04 ilikuwa inashuka ngazi, hii inaendelea na safari yake.

Bei yake nimeilipa chini. Kati ya 2,000 na 3,000 gari limekuwa zito kuliko zamani, na kwenye barabara ya Githurai nalihisi kila siku. Asiyekubali hilo asinunue 16G kwa mji huu.

Halafu tatizo. Mara ya tatu, hewa ikiwa baridi, presha haikusimama kwa 1.1. Ikatambaa: 1.15, 1.2, 1.28 kwa 5,800. Fundi akapiga dashibodi kwa kiganja, "Achia! Achia!" Nikaachia.

Daunpaipu ya inchi 3 inapitisha moshi vizuri mno, na tundu la wesgeti la turbo hii ni dogo, haliwezi kumwaga moshi wote usiotakiwa. Wesgeti iko wazi kabisa na bado tabini inaongezewa kasi. Kompyuta haina la kufanya hapo. Dawa ni grinda.

Fundi ameitoa turbo Jumapili, akalipanua tundu na kulilainisha upande wa kuingilia, akarudisha. Presha sasa inasimama.

Jumamosi, 5 Aprili

Daino, mashine ya kupima nguvu za gari. Karatasi imetoka na farasi 291.

Kila mtu akapiga makofi, na mimi nikaomba waizime ile sahihisho ya mwinuko. Mashine huongeza namba ili kufidia hewa nyepesi, na kwa injini isiyo na turbo hilo ni haki. Lakini turbo tayari imefidia sehemu kubwa kwa kuzunguka zaidi. Ukiongeza tena unalipwa mara mbili. Tukarudia bila sahihisho: 239.

Daftari lilisema 245. Nimelikunja karatasi la 239 nikaliweka kwenye pochi. Lile la 291 amelichukua jamaa wa mlangoni, anasema atalibandika.

Hewa na petroli viko 11.2 kwa 1 chini ya mzigo, hakuna kugonga. Nimelifuta pia lile jedwali la mwinuko, nikaweka sifuri pote, maana turbo hii haihitaji kulindwa kama mtoto. Nimeridhika nalo sana.

Ijumaa Kuu hadi Jumatatu ya Pasaka, 18 hadi 21 Aprili

Nampeleka Mama Mombasa kwa dada yake. Yeye mbele, mikoba na ndizi nyuma, laptopu kati ya miguu yake kwa sababu nilikataa kuiacha.

Niliweka skrini ionyeshe presha ya hewa ya nje. Nairobi 83. Mtito Andei 93. Joto linapanda nayo, madirisha wazi, harufu ya lami. Gari lilikuwa tamu kuliko siku yoyote, na mimi nilikuwa mjinga kuliko siku yoyote, kwa sababu sikujiuliza utamu huo unatoka wapi.

Baada ya Voi nikapita malori mawili kwa gia ya nne, kanyaga kamili. Ikaja sauti kama punje za mahindi kwenye sufuria. Mara tatu, fupi.

"Mwanangu, hii gari inasema nini?"

"Inasema tupunguze, Mama."

Nikasimama karibu na kibanda cha mkaa. Geji ilikuwa imesoma 1.1 kama kawaida, hakuna kilichozidi. Ila 1.1 juu ya hewa ile ilikuwa bar 2.05 kamili na inaelekea 2.1, kwa joto la nyuzi 33, kwa petroli ile ile. Injini ilikuwa inapokea hewa nyingi kuliko niliyoipangia. Na jedwali linalosoma hewa ya nje nilikuwa nimeliandika sifuri kwa mkono wangu mwenyewe, kwa kiburi, siku kumi na tatu zilizopita.

Nimeandika jedwali jipya hapo hapo, laptopu juu ya boneti, Mama akimenya ndizi. La kwangu linaenda kinyume na la Wajapani: wao walipunguza presha ukipanda, mimi napunguza ukishuka. Kwa 83 lengo ni 1.1. Kwa 93, 1.0. Kwa 101, 0.9, kwa sababu 0.9 ya Mombasa ni 1.91 kamili, karibu sawa na 1.1 ya Nairobi, na kile kidogo kilichopungua ndicho usalama wangu dhidi ya joto. Nikachelewesha pia mwako kwa digrii mbili hewa ikizidi nyuzi 40.

Mpaka Nyali hakukuwa na punje nyingine. Nilipofika nikatoa plagi moja baada ya nyingine na kuziangalia kwa miwani ya Mama. Hakuna madoadoa ya alumini kwenye kaure. Shangazi alinikuta mikono myeusi uani akasema, "Umekuja kusalimia watu au kusalimia gari?" Nikamwamkia upya.

Jumamosi, 26 Aprili

Nairobi. Oili mpya, haina vumbi la chuma. Turbo haichezi mbele na nyuma. Nimepima mgandamizo wa silinda zote nne na ziko karibu sawa, namba 4 chini kidogo lakini ilikuwa hivyo tangu Januari.

Kwenye kilima cha Kabete, gia ya nne, mizunguko ilipanda kutoka 3,800 hadi 4,300 na spidi haikusogea. Harufu ikafuata. Klachi.

Nimempigia fundi. Hata sijasalimia akasema, "Nilikuwa nakungoja wiki hii."